Kusasisha Mfumo wa Simu ya Chama
Ndugu Katibu, simu yenye kumbukumbu za mizani ni mali ya wanachama kama mzani wenyewe. Kabla ya kusasisha mfumo, nakili kumbukumbu zote mahali pengine, ujaze betri. Kazi ikianza, usiizime.

Hatari kubwa imo katika butiloda, programu ndogo inayoamsha mfumo. Mwaka 2022 simu za Pixel 6 zilipopokea Android 13, butiloda mpya ilizuia kurudi Android 12. Simu hizo zina nafasi mbili za mfumo. Moja ikibaki na butiloda ya zamani, na mfumo mpya ukashindwa kuwaka, simu yaweza kuangukia huko ikafa. Waliosasisha kwa mkono walishauriwa kuiweka butiloda mpya katika nafasi zote mbili.

Fundi akitaka kufungua kufuli la butiloda, ajue kuwa hufuta kila kitu. Wengi hawasemi mapema.