Hisa, kura na utawala: maneno matatu tusiyachanganye

Mwanafunzi anayetafsiri habari za biashara kutoka Kifaransa hukutana upesi na neno «action». Kamusi ndogo humpa «kitendo», naye huandika kwamba kampuni fulani imenunua vitendo vya kampuni nyingine. Neno linalotakiwa ni hisa, lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya fungu au sehemu. Mwenye hisa ni mwanahisa. Lakini jina sahihi halitoshi. Lazima tuchague pia kitenzi kinacholifaa. Tuchukue mfano wa Canal+ ya Ufaransa na MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv. Dekoda za kampuni hizo mbili tunazijua hapa Kongo.

1. Kuwa na hisa. Mwaka 2020 Canal+ ilianza kununua hisa za MultiChoice, kidogo kidogo. Aliyeandika wakati ule «Canal+ imeinunua MultiChoice» alikosea. Ilikuwa imenunua hisa za MultiChoice, basi. Mwenye fungu la shamba si mwenye shamba.

2. Kutaka kununua. Sheria ya Afrika Kusini yasema kwamba anayefikisha asilimia 35 ya kura katika kampuni ya namna hii lazima awape wanahisa wengine wote nafasi ya kumuuzia hisa zao. Canal+ ilivuka kipimo hicho Februari 2024, na bei ikawa randi 125 kwa kila hisa. Hapa pia «imenunua» bado ni mapema, kwa kuwa mwanahisa aweza kukataa kuuza, na serikali yaweza kuzuia. Kibali cha mwisho cha ushindani kilitolewa Julai 2025. Septemba mwaka huohuo Canal+ ikashika MultiChoice.

3. Kutawala. Je, sasa Canal+ inaamua kila kitu? Sheria ya nchi hiyo hairuhusu mgeni kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni yenye leseni ya utangazaji wa biashara. Kwa hiyo leseni iliwekwa katika kampuni ya pembeni, ambamo MultiChoice ina asilimia 49 ya masilahi ya kifedha, lakini asilimia 20 tu ya kura. Faida na kura zimetenganishwa. Kitenzi «kumiliki» peke yake hakionyeshi jambo hilo.

Kwa nini habari hii ituhusu sisi wa lugha? DStv ina chaneli ya Maisha Magic Bongo, inayoonyesha filamu na tamthilia za Kiswahili. Canal+ imejengwa hasa juu ya Kifaransa. Mwenye kura ndiye huamua chaneli ipi ipewe fedha, filamu ipi itiwe sauti ya Kiswahili, na mtafsiri yupi aitwe kazini. Tukiandika vibaya nani ana hisa na nani ana kura, msomaji atapeleka malalamiko yake, au ombi lake la kazi, kwenye mlango usio wenyewe.

Zoezi. Sahihisha sentensi hizi na ueleze sababu:
a) Kampuni A ina asilimia 30 ya hisa za B, kwa hiyo B ni mali ya A.
b) A imetangaza bei ya kila hisa, kwa hiyo imekwisha kuinunua B.
c) A inapata nusu ya faida ya B, kwa hiyo ina nusu ya kura.