Dripu ya Mwisho: Si Lazima Ucheke

Mama mmoja wa Masumbwe, wilayani Mbogwe, anamalizia tibakemikali ya saratani ya matiti katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Jina lake tumelihifadhi. Maswali yake aliyatuma kwa sauti, mengine usiku wa manane, na muuguzi anayehudumia wagonjwa wa saratani ameyajibu.

Nesi, Jumanne ijayo natundikiwa dripu ya mwisho. Kila anayepiga simu ananiambia nichangamke, eti mgonjwa akinuna ugonjwa unapata nguvu. Mimi nalia tu. Je, machozi yataurudisha?

Hapana mama. Uvimbe haulishwi na machozi. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, James Coyne, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Walitaka kujua kama aliyechangamka huishi muda mrefu kuliko mnyonge. Hawakuona tofauti. Saratani yako ni nyingine, najua, lakini hata kwa ya matiti hakuna ushahidi wa kunifanya nimlaumu mama kwa sababu amelia.

Sisemi furaha haina kazi. Inakusaidia kula, kulala, na kupanda basi siku ya kliniki ambayo mwili wote unakataa. Ila haigawiwi kwa amri. Nikisikia ndugu anamsisitizia mgonjwa "changamka, changamka", mara nyingi naona anajituliza mwenyewe. Mchague mtu mmoja, dada yako au jirani, ambaye mbele yake huna haja ya kujikaza. Wengine waambie unaendelea vizuri, simu iishe.

Jambo moja tu la kuangalia. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha hata kidogo, au unatamani usiwepo, mwambie daktari. Hiyo huenda ni sonona, ina tiba yake, na hakuna wa kukucheka.

Mbona hofu imezidi sasa, wakati ndiyo namaliza? Nilidhani ningerukaruka.

Wengi inawapata hapo hapo. Kwa miezi kadhaa, kila wiki ya tatu, kulikuwa na mtu wa kukupima damu, kukufungua kinywa atazame vidonda, kukuuliza ulitapika mara ngapi. Hofu ulikuwa na pa kuipeleka. Sasa unapewa tarehe ya mbali na kuambiwa nenda salama. Nani asiogope?

Labda umeona kwenye simu video za wagonjwa wakigonga kengele siku ya mwisho huku wauguzi wakipiga makofi. Mtindo huo ulianzia Houston, Marekani, mwaka 1996, pale Irve Le Moyne, admirali wa jeshi la majini, alipoizawadia hospitali ya MD Anderson kengele ya shaba akimaliza mionzi. Inapendeza. Lakini watafiti wa Los Angeles walichapisha mwaka 2019 kwamba wagonjwa wao wa mionzi waliogonga kengele waliyakumbuka mateso ya matibabu kwa ukali zaidi kuliko wasiogonga. Mimi sikushangaa. Isitoshe, mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye dripu zake hazina mwisho, naye anaisikia. Kama moyo wako hautaki shangwe siku hiyo, toka kimya kimya uende zako.

Siku yenyewe nifanyeje ipite bila shida?

Tuanze na safari. Kutoka kwenu kuna wanaopitia Kahama na Shinyanga, kuna wanaopitia Geita. Hawa wa Geita wamepumua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko jua likikuchoma kichwa kisicho na nywele. Njia yoyote utakayoshika, kata tiketi ya kiti cha mbele, beba mifuko ya kutapikia, na kama una ndugu Mwanza, lala kwake kabla na baada. Kurudi siku hiyo hiyo ni kujitesa.

Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake, kama daktari hajakuzuia. Mishipa hujitokeza vizuri. Dawa ya kichefuchefu imeze kwa saa uliyoandikiwa, usingoje tumbo lichafuke. Kama kinywa hakina vidonda, tafuna kitu kikavu kidogo kidogo. Matobolwa mawili matatu yanatosha. Kuna wanaotapika wakiliona tu geti la hospitali, au wakinusa spiriti. Hilo si pepo wala si maigizo. Mwili umekariri. Tuambie mapema, ipo dawa ya kukutuliza kabla hujakaa kitini.

Sasa sikiliza hili vizuri kuliko yote. Dripu ikishaanza, ukihisi panachoma, panavuta au panavimba pale penye kanula, sema papo hapo. Usisubiri nesi apite. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kidonda chake ni cha miezi. Na wanaochelewa kusema ni wale wale tunaowasifu kwa uvumilivu: wamekaa wanatabasamu, mkono umefunikwa kanga, wanasema "siyo sana, nesi". Mama zetu wamefundishwa kuvumilia tangu utotoni. Hapa uvumilivu haufai, namtaka yule mama msumbufu anayeniita kila dakika tano. Vilevile ukibanwa kifua, ukiwashwa mwili au uso ukipata joto la ghafla, niite.

Kama yako ni hiyo nyekundu, mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Si damu.

Ndugu wanataka kunichinjia kuku Jumapili inayofuata, watu waje washangilie. Niwakubalie?

Kuku wamle, lakini baadaye. Dripu ya mwisho ina nguvu sawa na zilizotangulia. Chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, na wakati huo mafua ya mgeni mmoja yanaweza kukulaza. Sogezeni mpaka wiki ya nne. Nyumba iliyojaa watu wanaokohoa na watoto wa kila kaya si mahali pako kwa sasa.

Nunua kipimajoto duka la dawa. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi, usinywe panado ukalala. Panado itashusha joto na kuficha hatari iliyopo. Nenda Kituo cha Afya Masumbwe usiku huo huo, na mlangoni kabisa tamka: "Niko kwenye dawa za saratani, nina homa." Wakikupima malaria, sawa, wapime, lakini hata ikionekana ipo waambie wasiishie hapo, unahitaji kipimo cha damu nzima na pengine antibiotiki za mshipani haraka. Weka karatasi yako ya kliniki ndani ya mkoba unaouchukua kila mara.

Maziwa ya kunywa yachemshwe kwanza. Najua kwenu hili ni kama tusi kwa ng'ombe.

Wifi anasema nikishamaliza nimepona, nirudi kwenye mpunga. Na zamani nilikuwa nachambua marudio ya dhahabu kwenye karasha. Naruhusiwa?

Kumaliza dripu ni jambo moja, nguvu kurudi ni jingine. Uchovu wa tibakemikali huendelea kwa miezi, na kulala kutwa hakuuondoi. Kutembea kidogo kila siku kunaupunguza zaidi. Nywele huanza kuchomoza ndani ya wiki chache, za kwanza laini au zimejisokota hata kama hazikuwa hivyo. Kama ulipewa paklitakseli, ganzi na vijisindano vya vidoleni vinaweza kukaa muda mrefu. Usitembee pekupeku, na maji ya moto yapime kwa kiwiko, maana vidole vitakudanganya. Kama ulitolewa tezi za kwapani, mkono huo ulinde na mikato, vaa glovu ukishika jembe, anza na kazi nyepesi na uongeze pole pole. Ukivimba au kuwa mwekundu, njoo.

Marudio hapana. Zebaki iliyomo inaharibu figo na mishipa ya fahamu hata kwa mtu mzima wa afya, na mishipa yako imetoka kupigwa na dawa. Moshi wake nyumbani pia usikubali, hata anayechoma dhahabu akiwa mume wako.

Je, kuna dawa nyingine baada ya hapo? Hedhi imekatika, nifikirie uzazi wa mpango?

Inategemea majibu ya kinyama cha uvimbe. Kama ulionekana unalishwa na homoni, utaandikiwa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Wapo wanaokiacha kwa sababu kinaleta fukuto la ghafla mwilini, au kwa sababu mtu kawaambia kidonge cha kila siku ni dalili kwamba hujapona. Ukikiacha, ugonjwa unapata nafasi ya kurudi. Fukuto likizidi tuambie, tutafute namna. Damu ukeni isiyo ya kawaida usinyamazie. Na mionzi, kama umepangiwa, usiiahirishe kwa ajili ya mavuno.

Hedhi kukatika hakumaanishi huwezi kushika mimba, na tamoksifeni inamdhuru mtoto tumboni. Sindano, vipandikizi na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni havikufai. Kitanzi cha shaba au kondomu, hivyo ndivyo vyako. Mlete mume wako kliniki ijayo nimweleze mwenyewe, kwa sababu nikikuachia wewe umwambie, utajikaza tena.