Kabla ya Kuchupa, Pima Maji

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za pwani na za kandokando ya maziwa na mito

Utangulizi

Jioni maji yanapojaa, vijana hukusanyika kwenye ukuta wa bahari wa Forodhani, Unguja, kupiga makachu. Hukimbia, huchupa, hupinduka hewani na kuingia baharini huku watazamaji wakishangilia. Kwingineko watoto hujirusha kutoka kwenye magati, madaraja, miamba ya ziwa na kingo za machimbo yaliyojaa maji. Anayetazama leo atatamani kujaribu kesho.

Kijitabu hiki ni chake, na ni cha wazazi na walezi wake. Lengo lake si kuupiga marufuku mchezo huu. Tunataka kila anayeingia majini atoke akitembea kwa miguu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Wapo pia ambao hawafi, ila huvunjika shingo na kupooza maisha yao yote. Ajali nyingi za namna hii zinazuilika kwa dakika chache za ukaguzi.

1. Kwa nini maji huumiza

Anayechupa kutoka mita 3 huyafikia maji akiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5, mwendo hufika kilomita 36, na kutoka mita 10 hufika kilomita 50. Kwa mwendo huo, anayeangukia tumbo au mgongo anaweza kupasuka ngozi, kuvunjika mbavu au kuumia viungo vya ndani.

Hatari kubwa zaidi ni kutanguliza kichwa mahali penye kina kifupi. Kichwa kikigonga mchanga au mwamba husimama ghafla, ilhali kiwiliwili bado kinashuka. Uzito wote huishia kwenye shingo. Ndani ya pingili 7 za shingo hupita ugwe wa mgongo, ambao hupeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Ugwe huo ukikatika, hospitali haina dawa ya kuuunga tena. Hata aliyezoea kupiga mbizi hana kinga: anachohitaji ni kina, na ustadi hauwezi kukiongeza.

2. Kina cha juzi si kina cha leo

Baharini maji hujaa na kupwa kila baada ya saa sita hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja inaweza kukaribia mita 4. Kwa hiyo mahali penye kina cha kutosha alasiri, asubuhi panaweza kuwa mawe matupu.

Saa za maji pia husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Baada ya wiki moja husogea karibu saa sita. Ndiyo maana anayerudi wiki ijayo saa ileile, mahali palepale, anaweza kuyakuta maji yamekupwa. Muulize mvuvi au nahodha saa ya maji kujaa siku hiyo, kisha uhakikishe kwa macho yako.

Mtoni na ziwani hali hubadilika pia. Mvua huleta magogo na kurundika mchanga, na kiangazi hupunguza maji. Machimbo ya zamani huficha vyuma, vioo na kingo zenye makali. Penye mamba au viboko pasiingiwe kabisa, na penye kichocho ngozi ikigusa maji tu inatosha kuambukizwa.

3. Ukaguzi kabla ya kupanda juu

• Ingia majini kwa kutembea au kwa ngazi. Ogelea eneo lote utakaloangukia na uzame kuangalia chini. Maji yakiwa na tope kiasi cha kutoona kitu, usichupe.
• Pima kina kwa bildi, au kwa kamba iliyofungwa jiwe. Kwa anayeanza, tunashauri urefu usizidi mita 3 na kina kisipungue mita 4, yaani zaidi ya pima mbili za mtu mzima. Pima sehemu kadhaa, maana jiwe moja lililosimama linatosha kuleta msiba.
• Tafuta mahali pa kutokea kwanza: ngazi, ufuo au mwamba usio na mwani unaoteleza wala chaza wanaokata miguu.
• Tazama mkondo, mawimbi na vyombo vinavyopita. Maji yakivuta kwa nguvu, ahirisha.
• Tazama juu pia. Ukuta au mwamba uliochomoza chini ya unaposimama utakugonga kabla hujafika majini.

4. Nani asichupe

Asiyeweza kuelea na kuogelea peke yake hadi pa kutokea, bila msaada. Mjamzito. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, maumivu ya shingo au mgongo, au tatizo la masikio. Aliyekunywa pombe au kuvuta bangi. Aliyechoka, mwenye baridi, au anayesukumwa na wenzake huku moyo wake haujaridhia. Kushuka tena kwa ngazi si aibu, na wazazi wawaambie watoto hivyo mapema, kabla ya siku ya kejeli kufika.

5. Namna ya kuchupa mara ya kwanza

Anza chini kabisa, usawa wa kiuno cha mtu mzima juu ya maji. Rudia hadi utulie, ndipo upande kidogo. Tanguliza miguu kila mara. Makachu ya kupinduka na mbizi za kichwa ni za waliofunzwa kwa muda mrefu, tena penye kina kikubwa.

Simama ukingoni pasipoteleza, angalia mbele na usiinamie maji. Piga hatua moja ya kukutoa ukingoni, usikimbie. Ukiwa hewani, weka mwili wima, bana miguu pamoja, na ubane mikono ubavuni au uifunge kifuani. Kaza mapaja na makalio ili maji yasiingie mwilini kwa nguvu. Toa pumzi polepole puani unapozama. Ukishaingia, kunja magoti kidogo, tandaza mikono ili usizame zaidi, kisha panda juu. Ondoka hapo mara moja. Mwenzako asichupe kabla hujatoka.

Usichupe peke yako. Awepo mtu nchi kavu anayejua kuogelea, mwenye simu na kitu kinachoelea.

6. Ajali ikitokea

Usijitose ovyo, maana anayezama humvuta mwokoaji. Mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko na kamba, boya, au mnyooshee ubao au fimbo ndefu.

Shuku jeraha la shingo ikiwa aligonga chini, anaumwa shingo, anahisi ganzi, hawezi kusogeza viungo, au amezimia. Mgeuze kwa upole alale chali majini. Nyosha mikono yake juu ya kichwa na uibane kwenye masikio ili kichwa, shingo na mgongo vikae mstari mmoja. Mtoeni watu kadhaa, juu ya ubao ikiwezekana. Msimkalishe, msimbebe begani, msimpe maji ya kunywa.

Asipopumua, pumzi ndiyo ya kwanza, hata kama shingo imeumia. Mlaze penye ugumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 2 hadi 5. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima na kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endelea hivyo hadi msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, kwani huko ni kupoteza muda na kumrudishia matapishi kwenye njia ya hewa.

Piga simu mapema: Tanzania 112, au 114 kwa zimamoto na uokoaji, Kenya 999 au 112. Aliyezimia, anayekohoa bila kukoma au anayehema kwa shida apelekwe hospitali hata akisema amepona.

7. Makubaliano ya nyumbani

Kijana aliyekatazwa tu atakwenda kwa siri, na atakayekwenda kwa siri hatakuwa na wa kumwokoa. Kaeni pamoja mkubaliane haya manne:

• Atasema anakwenda wapi na na nani.
• Maji yatapimwa siku hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kuchupa.
• Miguu itatangulia.
• Dumu lenye kamba litakuwepo.

Mzazi naye aahidi kuwa kijana akija kusema ameumia au mwenzake ameumia, atasikilizwa kwanza na kupelekwa kutibiwa. Maswali yatafuata baadaye.