Uji wa Shuleni ni Kazi ya Nani?

Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali zinasomesha bila ada wala michango ya lazima. Wengine wanasema, "Basi, mimi nimepumzika." La! Sare, madaftari na chakula bado ni juu ya mzazi. Mtoto wa milima ya Upare anapanda na kushuka tangu alfajiri. Ikifika saa sita, tumbo tupu, anasinzia darasani.

Mnajua msaragambo: ndiva za maji na madarasa mengi vilijengwa hivyo. Hata uji unawezekana. Pangeni mkutanoni: mahindi kiasi gani, kuni nani, mpishi nani. Ila mwalimu asimrudishe mtoto nyumbani kwa ajili ya mchango. Rais Magufuli alikataza hilo mwaka 2018.

Swali la kujadili: mtoto ambaye kwao hawakutoa mahindi, anywe uji au awatazame wenzake?