Chungu kimoja, miili miwili

SWALI: Daktari, mimi na mdogo wangu tuliacha pamoja nyama, samaki, mayai na maziwa, na tunakula chungu kimoja. Yeye yuko imara. Mimi nachoka, na vidole vya miguu vinakufa ganzi. Nyumbani wanasema damu yangu haikubali mboga. Ni kweli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Binti yangu, ndugu wa baba na mama mmoja hawarithi jeni zilezile, na kuna mahali tofauti hiyo hugusa chakula. Chukua viazi lishe. Ile rangi ya chungwa ni beta-karotini, na haiwi vitamini A mpaka mwili uigeuze. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo BCO1. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa wanawake wenye mabadiliko mawili fulani kwenye jeni hiyo waligeuza pungufu kwa asilimia 69. Sahani ni ileile, vitamini si ileile.

Mafuta ya omega nayo yana jeni yake, FADS2. Utafiti wa 2016 uliikuta aina inayosaidia kuyatengeneza kutokana na mimea kwa asilimia 68 ya Wahindi waliopimwa, wengi wao wasiokula nyama, na asilimia 18 tu ya Wamarekani. Waafrika wengi pia wanayo.

Kwa hiyo jeni zina neno. Ila ganzi yako inanipa wasiwasi wa jambo jingine kabisa: vitamini B12. Hii hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwenye vyakula vya wanyama. Hakuna jeni ya binadamu inayoweza kuitengeneza, wala mchicha hauna. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, na huenda yako imeisha mapema kuliko ya mdogo wako.

Tafadhali usiridhike ukiambiwa damu yako ni nyingi. Maharage na mboga za majani zina asidi ya foliki kwa wingi, nayo inaweza kuzuia upungufu wa damu usionekane huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Nimeshaona watu wakirudishwa nyumbani na karatasi ya wingi wa damu iliyo safi, kumbe miguu inaharibika. Omba kipimo cha B12 chenyewe, wiki hii. Sukari pia ipimwe, maana nayo huleta ganzi.

Upungufu wa B12 ukithibitika, utapewa sindano au vidonge, na mboga zako utaendelea nazo. Ukichelewa, ganzi inaweza kubaki. Fedha za kupima jeni ziweke kando. Kipimo hicho hakitabadilisha tiba hii.

Mdogo wako naye aanze vidonge vya B12 sasa, hata kama anajisikia mzima.