Umebonyeza Linki: Nani Anaifungua?

Leo tunaacha kidogo maswali ya chunusi na ya mapenzi, tunaingia kwenye simu. Usigeuze ukurasa kwa kudhani haya ni ya mafundi peke yao. Yanakuhusu wewe unayesoma habari za mwili wako kimya kimya kwenye simu ya kaka, na yanamhusu zaidi yule aliye kwenye klabu ya kompyuta.

Tuanze na barua. Imetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, na jina la shule yake tunalihifadhi:

"Mhariri, klabu yetu ya afya imetengeneza apu ya simu. Ndani yake kuna kurasa za hedhi, magonjwa ya zinaa, dawa za kulevya na unyanyasaji. Chini ya kila ukurasa tumeweka kitufe kikubwa chekundu, PIGA 116. Kwenye kompyuta ya shule tuliangalia kila ukurasa, mambo yalikuwa safi. Tukawagawia wenzetu. Baada ya wiki mbili msichana mmoja wa kidato cha kwanza akatuambia kwamba alikibonyeza usiku, yakatokea maneno ya Kiingereza kuwa ukurasa haupatikani. Alijaribu mara tatu, akadhani 116 imefungwa, akaacha. Hatukumuuliza alitaka kuwaambia nini. Tumekosea wapi?"

Ahsanteni kwa kusema ukweli. Kwanza kabisa, 116 haijafungwa. Tanzania na Kenya hiyo ni namba ya bure ya kusaidia watoto, na unaipiga kwa mkono kama namba nyingine yoyote: moja, moja, sita. Mwambieni huyo dada leo hii, kabla hamjaigusa hiyo apu. Kosa ni la apu, na wamelifanya wengi kabla yenu, hata watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Sasa tuone limetoka wapi.

DIRISHA LA NYUMBA YA MTU

Kivinjari ni ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, Safari na wenzake. Lakini apu nyingi zina kivinjari kingine kidogo ndani kwa ndani. Kwenye simu za Android kinaitwa WebView. Kwenye iPhone kinaitwa WKWebView, na kilikuja na iOS 8 mwaka 2014. Ukibonyeza linki ndani ya apu ya kuchati au ya picha, na ukurasa ukafunguka hapo hapo bila kutoka kwenye apu, basi mara nyingi ndicho hicho. Hujatoka nje. Umesimama ndani ya nyumba ya mtu, unaangalia nje kupitia dirisha lake.

Hiki kivinjari kidogo hakina akili zote za kaka yake mkubwa. Chrome ikikuta linki inayoanza na https inajua ni ukurasa. Ikikuta inayoanza na tel: inajua ni namba ya simu, inaita programu ya kupigia. WebView yenyewe inajua kurasa basi. Ukiipa tel:116 inajaribu kuifungua kama ukurasa, inashindwa, inaandika net::ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME, yaani "anwani ya aina hii siijui". Ndo hayo maneno aliyoyaona yule dada. Kwenye kompyuta ya shule mlikuwa mnaangalia kurasa zenu kwa kivinjari kamili, ndo maana hamkuona kitu.

MLINZI WA GETI

Wenye kutengeneza apu za Android, chukueni kalamu. Kuna fanksheni inaitwa shouldOverrideUrlLoading. Jina refu, lakini kazi yake ni ya mlinzi wa geti. Mtu akibonyeza linki, kabla ukurasa haujafunguka, WebView inamuuliza mlinzi: "Hii unaishughulikia mwenyewe?" Akijibu true, maana yake "ndiyo, niachie mimi, wewe usifungue". Akijibu false, maana yake "hapana, endelea, fungua humu humu". Wengi wanazigeuza. Wanadhani true ni ruhusa ya kufungua, halafu wanashangaa linki zote zimekufa.

Bila shaka mlinzi wenu anajibu false kwa kila anayepita. Mfundisheni hivi. Anwani ikianza na tel: aipeleke kwenye programu ya simu, halafu ajibu true. Hapa kuna njia mbili. ACTION_CALL inapiga moja kwa moja, na inahitaji ruhusa ya mwenye simu. ACTION_DIAL inaiandika tu namba kwenye skrini, mtu anabonyeza mwenyewe kitufe cha kijani, na haihitaji ruhusa yoyote. Sisi tunasema tumieni ya pili. Kidole huteleza, simu hushikwa na mdogo wako, na anayetaka kusimulia jambo zito anastahili sekunde mbili za kuamua.

Halafu kuna kishikwambi kisicho na laini. Hicho huenda hakina programu ya kupigia kabisa, na ukikituma huko apu nzima itaanguka. Basi tegeni kosa hilo kwenye msimbo, na likitokea onyesheni namba kwa maandishi makubwa. Kwa kweli namba iandikwe kwenye ukurasa tangu mwanzo, nje ya kitufe, ili mtu aweze kuinakili kwenye daftari au kukopa simu nyingine.

Anwani ikiwa ya https na ya tovuti yenu wenyewe, mlinzi ajibu false, ifunguke ndani. Nyingine zote azipeleke kwenye kivinjari cha simu, ajibu true.

Lakini "ya tovuti yenu" atajuaje? Tuseme tovuti yenu ni klabuyetu.example. Wapo wanaoandika msimbo unaouliza kama anwani ina maneno hayo mahali popote. Ni hatari hiyo! Tapeli anaweza kujitengenezea klabuyetu.example.tapeli.example, ambayo ina maneno yenu yote na si yenu hata kidogo. Mwenye anwani husomwa kutoka mwisho, kama jina la ukoo. Kwa hiyo toeni sehemu ya mwenyeji peke yake (msimbo wake ni getHost) na mlinganishe kwamba ni sawa sawa, herufi kwa herufi.

Na msimtegemee mlinzi huyu kama polisi. Fomu zinazotumwa kwa njia ya POST hazipiti kwake, wala kurasa ambazo apu yenyewe imeamua kuzifungua kwa loadUrl. Wa iPhone nao wana mlinzi wao, decidePolicyFor, ambaye majibu yake makuu ni allow au cancel. Hayo angalau hayachanganyi.

KARATASI NYEUPE

Swali linalofuata hamkuliuliza, ila tunajua litakuja: kwa nini wakati mwingine inabaki karatasi nyeupe tu?

Ukurasa unapoanza kufunguka WebView inapiga kelele onPageStarted. Unapomaliza inapiga onPageFinished. Watu huonyesha kale kaduara kanakozunguka kwenye ya kwanza, na kukaficha kwenye ya pili. Sawa. Tatizo ni kwamba onPageFinished hupigwa hata pale ukurasa uliposhindwa. Kaduara kanaondoka, mtu anaachwa na maneno ya Kiingereza au na weupe. Kushindwa kuna kelele yake nyingine, onReceivedError, na hapo ndipo mnapotakiwa kuweka ujumbe wenu kwa Kiswahili: "Mtandao haupatikani. Jaribu tena, au piga 116."

Angalizo. Tangu Android 6.0, hiyo onReceivedError hupigwa kwa kitu chochote kilichoshindwa, hata kapicha kadogo pembeni. Msipouliza kwanza kama kilichoshindwa ni ukurasa wenyewe (isForMainFrame), ujumbe wa "mtandao haupatikani" utafunika ukurasa mzima uliofunguka vizuri, kisa nembo ya klabu imechelewa. Na ikitokea onReceivedSslError, yaani hati ya usalama ya tovuti ina kasoro, msikubali ule mstari mmoja wa proceed ambao mafundi wa haraka haraka hupendekeza. Unaondoa tatizo kwenye skrini tu. Mlango mmeuacha wazi kwa yeyote aliyekaa katikati ya mtandao.

Ushauri wetu mkubwa hapa hauhusu hata fanksheni. Kurasa muhimu ziwekeni ndani ya apu yenyewe, zisitegemee mtandao. Mnafunzi wa bweni bando limemwishia saa nne usiku. Ukurasa wa unyanyasaji hauwezi kumsubiri hadi anunue vocha.

NA WEWE USIYETENGENEZA APU

Tumesema umesimama ndani ya nyumba ya mtu. Sasa tuseme sehemu ya pili: mwenye nyumba anaweza kukuona.

Apu inayofungua ukurasa kwa WebView inaweza kujua anwani unazopitia, na inaweza kuchomeka msimbo wake wa JavaScript ndani ya ukurasa ambao si wake. Agosti 2022 Felix Krause, mtaalamu wa programu kutoka Austria, alionyesha kwamba apu za iPhone za Instagram na Facebook zilikuwa zinachomeka msimbo kwenye kurasa zilizofunguliwa ndani yake, na kwamba ule wa TikTok ulikuwa na uwezo wa kufuatilia kila herufi inayobonyezwa. Tuwe waadilifu: Meta ilijibu kwamba msimbo wake ni wa kuheshimu uchaguzi wa watumiaji kuhusu kufuatiliwa, TikTok ikasema wake ni wa kutafutia hitilafu na kupima kasi. Krause mwenyewe alisema kuonyesha uwezo si kuthibitisha kwamba habari zimechukuliwa. Lakini uwezo upo, na wewe ndiye unayeandika humo kwamba una kidonda sehemu za siri.

Google waliliona hilo mapema kwa upande wa maneno ya siri. Mwaka 2016 walitangaza, na mwaka 2017 wakaanza kukataa, watu kuingia kwenye akaunti za Google kupitia vivinjari vya ndani ya apu. Fuata mfano huo. Ukurasa uliofunguka ndani ya apu ukikuomba paswedi ya barua pepe au namba ya siri ya pesa, usiandike. Hata ile kufuli na anwani unayoiona juu imechorwa na apu, na aliyeichora anaweza kuchora uongo.

Ufanye nini basi? Tafuta vidoti vitatu pembeni, au alama ya mshale, uchague kufungua kwenye kivinjari cha simu. Hapo apu imebaki nyuma.

Subiri kidogo, kwani kuna upande wa pili, hasa kama simu si yako. Ulichosoma kwenye kivinjari cha ndani hakionekani kwenye historia ya Chrome. Ukikihamishia Chrome, kitaonekana, na kaka akifungua kesho atakutana na "dalili za kisonono". Kwa hiyo kwenye simu ya kuazima fungua dirisha la faragha, au futa historia ukimaliza. Na kinyume chake pia ni kweli: ukifuta historia ya Chrome, hujafuta alama zilizobaki ndani ya apu, kwa sababu kila apu hutunza vidakuzi vyake peke yake. Wala linki uliyotumiwa haijaondoka kwenye mazungumzo. Dirisha la faragha linakuficha kwa anayeshika simu baada yako, halikufichi kwa tovuti uliyoitembelea wala kwa mwenye mtandao.

Ukiona siri haiwezekani kwenye simu hiyo, muulize muuguzi, au piga simu.

TURUDI KWENYE KLABU

Mkisharekebisha, msigawe kabla ya kujaribu kwenye simu halisi, si kwenye kompyuta. Chukueni ya bei nafuu kuliko zote bwenini, sasisheni WebView yake kutoka Play Store (tangu Android 5.0 inasasishwa huko kama apu nyingine), kisha mbonyeze kitufe chekundu. Rudieni mkiwa mmezima data. Rudieni kwenye kishikwambi kisicho na laini. Kila mara andikeni mlichokiona, neno kwa neno, hata kama ni Kiingereza.

Wale mliokwisha kuwagawia apu ya zamani, watafuteni mmoja mmoja muwabadilishie, kwa kuwa kitufe kibovu bado kiko mifukoni mwao. Halafu tuandikieni majibu, nasi tutayachapa. Na huyo dada wa kidato cha kwanza, tuambieni kama ameshapata namba.