Istilahi Kwenye Tangi la Chachu: Mtandao wa Neva na Vipimo Vinavyoyumba

Utangulizi
Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, hapa Lurambi, mwanafunzi wa Kiswahili husoma jirani na wahandisi na wanabiolojia. Makala haya yanauvuka ujirani huo kwa mfano mmoja: matumizi ya mtandao wa neva bandia katika kuongoza uchachushaji. Tunadai kwamba Kiswahili chaweza kulieleza jambo hili, ila istilahi ikiteuliwa vibaya humpotosha mtendakazi.

Uchachushaji
Lugha yetu haianzi mikono mitupu. Unga uliotiwa hamira huumuka. Tembo la mgema huchacha. Busaa huhitaji kimea. Kazi zote hizi hutegemea chachu, yaani viumbe hai vidogo mno vinavyokula sukari na kutoa alkoholi na gesi ya kabonidioksidi. Viwandani, kazi hiyo hufanyika ndani ya tangi. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company cha Muhoroni, kwa mfano, kimejulikana kwa kutengeneza alkoholi na hamira kutokana na molasi. Chachu ikipata hewa ya kutosha na sukari kidogo kidogo, huzaliana. Sukari ikizidi, hutoa alkoholi hata kama hewa ipo. Kwa hiyo sukari, joto na asidi havina budi kuangaliwa daima.

Tatizo ni kwamba povu na viputo huvisumbua vihisi, nambari zikapanda na kushuka ilhali tangi limetulia. Tena, sukari ikipimwa maabarani, jibu huchelewa.

Mtandao wa neva
Huu ni mpango wa hesabu ndani ya kompyuta, wenye vizio vilivyopangwa kwa matabaka. Kila kiungo baina ya vizio kina uzani wake. Mtandao hupewa kumbukumbu za uchachushaji uliopita, ukakisia, ukalinganisha kisio na matokeo halisi, kisha ukarekebisha uzani. Njia hiyo ya kurekebisha ilienea baada ya makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986. Mtandao uliofunzwa vyema hukadiria sukari kutokana na joto, asidi na gesi inayotoka, bila kuingoja maabara. Hata hivyo, ukifunzwa kupita kiasi hukariri hata makosa ya vihisi, mithili ya mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani ya zamani. Ndiyo maana hutahiniwa kwa kumbukumbu ambazo haujapata kuziona.

Suala la istilahi
Kwa Kiingereza, makosa hayo ya vipimo huitwa kwa neno lenye maana ya kelele. Tukilitafsiri sisisi, mtendakazi atakayeambiwa kwamba tangi lina kelele ataenda kukagua mota. Tunapendekeza istilahi mbili: myumbo wa kipimo na badiliko la mchakato. Kipimo kikiyumba, kihisi husafishwa. Mchakato ukibadilika, sukari hupunguzwa au tangi hupozwa. Asiyetofautisha mambo haya mawili aweza kuliharibu tangi zima.

Hitimisho
Istilahi bora ni ile inayomwonyesha mtumiaji la kufanya. Kabla ya kuziingiza kamusini, wanachama wetu wazipeleke kwanza kwa watu wanaosimama kando ya tangi, wazisikilize zikitumika, kisha ndipo wazisanifishe.